Kofia ya Bwana Subiri

Ndugu wafiwa, majirani, wanakikundi wenzake marehemu, na ninyi nyote mliofika hapa matope ya mashambani yakiwa bado kwenye viatu vyenu, familia inawashukuru kwa kuja, na inaomba walio kwenye mabenchi wasogee kidogo wengine wakae, kwa sababu historia hii si fupi, na mjane amekataa katakata isifupishwe. Mara ya kwanza iliandikwa ukurasa mmoja tu, ikamsifu marehemu tangu mwanzo hadi mwisho, lakini alipokuwa anasomewa jikoni juzi mjane alisikiliza yote, akaweka mkasi wake mezani, akamwambia ndugu yake aliyeiandika kwamba huyo mtu aliyesifiwa humo yeye hamjui, kwamba mumewe asivishwe kilemba cha ukoka siku ya kuzikwa kwake, na kwamba lile suala la kofia lisemwe lote mbele za watu, kwa kuwa katika waombolezaji hawa yupo mtu aliyewahi kubebeshwa lawama isiyo yake. Basi litasemwa. Anayesoma ni huyohuyo ndugu wa mjane, shemeji yake marehemu, kwa maana kijana wa marehemu aliombwa asome, akajibu kwamba sauti yake itakatika kabla historia haijafika hata shule ya msingi.

Marehemu alizaliwa tarehe 3 Juni 1948, katika chumba cha nyuma cha nyumba hii ambamo jeneza lake limetolewa asubuhi ya leo, akiwa mtoto wa nne kati ya sita wa mchimba visima na mkewe mkulima wa ngano, na mama yake alikuwa akisimulia kwamba mtoto huyo alikuja wiki tatu kabla ya siku zake, mkunga akiwa bado hajapata hata habari, kama mtu aliyeona wenzake wanachelewesha mambo. Alianza shule ya msingi mwaka 1956 na kumaliza mwaka 1963, na huko hakuwa wa kwanza wala wa mwisho, ila alijulikana kwa papara, akiinua mkono kabla swali halijaisha, na mara nyingi jibu lake likawa sahihi kwa swali jingine kabisa. Mwaka 1966 alijiunga na chuo cha ufundi, akahitimu fundi wa injini za matrekta tarehe 12 Desemba 1968, akaajiriwa katika karakana ya chama cha ushirika, ile ya mabati yenye dirisha moja lililopasuka, na alipofariki baba yake mwaka 1972 akarithi shamba la ngano mnaloliona nyuma ya turubai, akawa fundi mchana na mkulima alfajiri na jioni.

Tarehe 20 Aprili 1974 alifunga ndoa na fundi cherehani wa duka lililokuwa mkabala na karakana, binti mwenye mkono uliotulia, aliyeweza kutunga uzi kwenye sindano huku akibishana na mteja bila kuitazama sindano yenyewe. Shemeji anayesoma hapa alikuwa bado anakaa kwa dada yake wakati huo, na anakumbuka vizuri kwamba kabla ya posa fundi huyu wa matrekta alileta suruali ileile ipunguzwe mara nne, mpaka ikabaki kidogo tu iwe kaptula, na mara ya nne binti akamtolea uvivu, akamwambia kama ana neno aliseme kabla hajabaki na mkanda peke yake. Alilisema. Mwaka wao wa kwanza wa ndoa mkewe alimshonea kofia ya kitambaa kizito cha rangi ya kahawia, yenye ukingo mfupi mbele uliopigwa mshono mara mbili, na kofia hiyo ilibadilishwa bitana, kitambaa chake cha ndani, mara nyingi lakini yeye hakuibadilisha yenyewe. Mungu aliwajalia watoto wawili, binti ambaye ni nesi na kijana ambaye ni fundi umeme, na wajukuu wanne, wote wapo hapa.

Sasa tuingie kwenye kazi ambayo wengi mnamjulia. Mwaka 1979 lilipomalizika kujengwa bwawa kule chini ya bonde, mabata bukini wa mwitu wakaanza kufika kila baridi inapoanza, makundi kwa makundi, wakilala majini na kupanda alfajiri kuja mashambani, wakang'oa ngano changa na mizizi yake, na pale walipokanyaga baada ya mvua hapakuota kitu tena mwaka huo. Wakulima walijaribu kila hila, walisimamisha sanamu zilizovishwa makoti, walitundika makopo, walifuga mbwa, walinunua mzinga wa gesi unaolipuka wenyewe kila baada ya muda, na mabata wale waliuzoea mzinga huo kiasi kwamba mmoja alionekana amesimama juu yake anajinyoosha mbawa. Familia mbili zilihama bonde hili kwa sababu ya ndege, jambo ambalo likisimuliwa mjini watu hucheka, lakini hapa halichekeshi.

Ndipo mwaka 1983 ofisi ya wanyamapori ikatoa kibali kwa kikundi cha wakulima kupunguza ndege hao kwa bunduki, kibali chenye masharti ambayo wanakikundi mnayajua kwa kichwa, kwamba kutisha kwa bendera kuje kwanza ndipo kupiga, kwamba apigwe ndege aliye shambani kwenye mazao na si aliye bwawani kwake, kwamba idadi isizidi iliyoruhusiwa, kwamba nyama iliwe nyumbani isiuzwe, kwamba aliyejeruhiwa atafutwe hadi apatikane, na kwamba asiguswe kabisa yule bukini mdogo mwenye paji jeupe, anayelindwa na sheria kwa kuwa wamebaki wachache. Marehemu alikuwa miongoni mwa watano wa kwanza kuandikwa kwenye kibali, na msimu ule wa kwanza papara yake ilimponza, kwani alifyatua kundi likiwa bado mbali, bata mmoja akaenda na marisau, zile chembe za risasi, mwilini, akaangukia kwenye matete, na kwa siku kadhaa watu waliokuwa wakipita njia ya bwawani walimsikia akilia. Marehemu aliingia majini mpaka kifuani kumtafuta, akarudi naye amemmaliza, midomo imembadilika rangi kwa baridi, na mkewe alipotaka kumvua nguo zilizolowa alimkuta analia waziwazi, akisema ndege yule hakuwa na kosa, alifuata chakula tu kama wao wanavyofuata. Mtu mwenye papara alikufa siku ile, ndivyo mkewe anavyopenda kusema, na tangu hapo neno lake kikundini likawa moja, subiri, akalisema mara nyingi mno hata jina lake la kuzaliwa likasahaulika, na afisa wa wanyamapori mwenyewe aliwahi kuandika kwenye barua ya serikali, kwa Bwana Subiri.

Kwa manufaa ya wageni, ni vyema ielezwe jinsi kazi hiyo inavyofanyika, kwa sababu bila hivyo la kofia halitaeleweka. Wapigaji watano hulala katika mitaro mitano iliyofunikwa kwa nyasi, kila mmoja mbali kidogo na mwenzake, na hakuna ruhusa ya kuzungumza wala kupiga mluzi, kwa kuwa bata bukini ana masikio kuliko mwizi. Kiongozi, kazi aliyopewa marehemu, hukaa mtaro wa katikati, na yeye peke yake huinua kichwa, hutazama ndege gani wanakuja, wako urefu gani, na nyuma yao kuna nini, na wengine wote macho yao huwa kwenye kofia yake. Kofia ikiwa kichwani, hakuna anayegusa kifyatulio hata ndege wakimpita usoni. Kofia ikiinuliwa, wanasimama na kupiga. Palipokuwa na hatari marehemu alikuwa na ishara ya pili, aliweka kiganja juu ya kofia na kuikandamiza kichwani, maana yake msithubutu, na kwa miaka ishirini na saba ishara hizo mbili hazikumdhuru mtu wala kumuua yule mwenye paji jeupe hata mmoja.

Katikati ya mwaka 2010 mkewe aliona kikombe cha chai kinagonga kisosi asubuhi, mlio mdogo, wa haraka, na baada ya siku chache aliona marehemu ameacha vikombe vya kisosi na kuchukua kikombe kikubwa cha bati anachokishika kwa mikono miwili. Alipomuuliza, aliambiwa kwamba mtu aliyetetemeshwa na injini za matrekta miaka arobaini hawezi kukaa kimya kama kabati, akacheka, na yeye akacheka naye, ingawa moyo wake haukucheka. Fundi cherehani hufundishwa kutazama mikono ya watu kabla ya nyuso zao, na alichokiona hakikumpendeza, lakini msimu ulikuwa unakaribia, bonde zima lilikuwa linamtegemea mumewe, akauma ulimi.

Jumanne tarehe 16 Novemba 2010 kulikuwa na ukungu. Mkewe alikuwa na desturi ya kupeleka chupa ya chai baada ya milio ya bunduki kwisha, akifuata kijia kinachopita ukingoni mwa shamba, lakini siku hiyo baridi ilikuwa kali na milio ilichelewa, akaona wanaume wataganda, akaondoka mapema. Marehemu alimwona akitokeza kwenye ukungu wakati uleule kundi linashuka, ndege wakiwa chini sana, kati ya mitaro na mke wake, akafanya alichotakiwa kufanya, akaweka kiganja juu ya kofia aikandamize. Jirani yake wa mtaro wa kushoto, ambaye sote tunamwita Bwana Vitunguu kwa ajili ya zao lake, alikuwa ameikazia macho kofia ile kama alivyofundishwa, akaiona inapanda, akasimama akafyatua. Mama watoto alisikia kishindo, akasikia kitu kinamgonga mkononi, halafu akahisi umajimaji unamtiririka kutoka kiunoni mpaka kwenye kiatu, akasimama palepale bila kuthubutu kutazama chini, akiwa na hakika kwamba ni damu yake, na alikaa hivyo kwa muda ambao hadi leo hawezi kuusema ulikuwa mrefu kiasi gani, mpaka umajimaji ule ulipomuunguza, ndipo akajua ni chai. Chupa ilikuwa imetobolewa na marisau, yeye hakuguswa hata unywele.

Kikundi kilikutana jioni ileile karakanani, watu wamesimama kwa kuwa hakuna aliyetaka kukaa, na Bwana Vitunguu aliulizwa swali moja tu, kwa nini alipiga. Alijibu kwamba kofia ilipanda. Aliulizwa tena, akasema kofia ilipanda, naapa kwa watoto wangu kofia ilipanda, na wote wakamgeukia marehemu, naye akasema kwa uso mkavu kwamba aliikandamiza kwa kiganja chake mwenyewe, kwa sababu aliyekuwa nyuma ya ndege ni mke wake, na kuna mwanamume gani angeinua kofia hapo. Hakuwa anasema uongo, ndugu waombolezaji, na hilo ndilo lililokuwa baya zaidi, aliamini kila neno. Kati ya mtu aliyejulikana kwa kusubiri na mtu aliyekuwa na bunduki bado inanuka baruti, hakuna aliyehitaji muda wa kuchagua, Bwana Vitunguu akaondolewa kwenye kikundi, afisa akafuta jina lake kwenye kibali, na kuanzia siku iliyofuata akawa anazunguka njia ya mbali kwenda shambani kwake ili asipite mbele ya watu wanaoacha kuzungumza wanapomwona.

Kwa mke wa marehemu mambo hayakuishia karakanani. Jumatano mumewe alirudi kutoka kazini, akainua mkono kutundika kofia kwenye msumari ulio nyuma ya mlango, na msumari haukupatikana, kofia ikapanda ikashuka, ikapanda ikashuka, ikigonga mbao, mpaka akaitupia juu ya kiti kwa hasira na kusema msumari umelegea. Msumari haukuwa umelegea. Mkewe alibaki amesimama na pasi mkononi, kwa kuwa hapo ndipo alipoona kama vile alikuwa naye mtaroni jinsi kiganja kile kilivyowekwa juu ya kofia kuizuia, na jinsi kilivyoiinua. Jumamosi wangerudi shambani. Akinyamaza, kofia itapanda tena yenyewe, na safari ijayo huenda isiwe chupa, na mtu asiye na hatia ataendelea kuzunguka njia ya mbali. Akisema, atakuwa amemwondolea mume wake kitu kimoja alichokuwa nacho duniani ambacho hakukirithi kwa mtu.

Alhamisi asubuhi aliuchukua ufunguo wa kabati la chuma la bunduki, ufunguo ambao kwa sheria upo mmoja tu, akautia kwenye uzi na kuuvaa shingoni ndani ya blauzi. Marehemu aliporudi akautafuta, akamuuliza uko wapi, akajibiwa kwamba anao, akautaka, akaambiwa hapana, akauliza kama mkewe amerukwa na akili, akaambiwa akae. Akamwekea mezani sindano na uzi mweusi, akamwambia mume wangu, ukiutunga uzi huu nakupa ufunguo na sitasema tena, na usipoutunga tutazungumza. Marehemu alidhani ni utani, akaulowesha uzi mdomoni kama anavyoona mkewe akifanya, akaanza. Uzi ulipita kushoto kwa tundu, ukapita kulia, akabadilisha mkono, akaegemeza viwiko mezani, akashika pumzi kama anayelenga, ile sindano ikigongagonga mbao za meza, na huko nje, shambani, mabata walikuwa wanasikika wakila. Aliendelea hadi mwanga ulipoanza kupungua dirishani. Hakutukana, hakupiga meza, aliuweka uzi chini kwa uangalifu, akaitazama mikono yake yote miwili kana kwamba ni ya mgeni aliyeketi naye, akatoka nje bila kuaga na kukaa kwenye ngazi ya nyuma, na mkewe hakumfuata, alikaa na ule ufunguo shingoni akilia taratibu ili asisikike, kwa maana alikuwa amempata na alijua pia amemvunja.

Ijumaa nzima hawakusemezana, na siku hiyo wakulima walikuja mlangoni kuuliza mbona Bwana Subiri haonekani na ngano inakwisha, na kila mmoja aliambiwa amuulize mwenyewe, na mwenyewe akawa anawapa kisogo. Walichukizwa, walisema sasa kusubiri kumezidi, na mmoja aliropoka kwamba labda mke ndiye anayeshika bunduki siku hizi, neno ambalo msomaji wa historia hii anamwachia mwenyewe alikumbuke.

Jumamosi asubuhi, badala ya kwenda mtaroni, marehemu aliita kikundi chote karakanani, afisa wa wanyamapori akiwepo, akamtuma kijana wake amlete Bwana Vitunguu, akamwambia asirudi bila yeye. Bwana Vitunguu aliingia akasimama karibu na mlango, kama mtu anayepima njia ya kutokea. Marehemu hakuwa na hotuba. Alivua kofia, akainyoosha mbele yake kwa urefu wa mkono, akaishika kwa vidole kwenye ukingo, akaiacha watu waitazame. Ilitetemeka. Alijaribu kuituliza, kila mmoja aliona jinsi alivyokuwa anajaribu, mishipa ya shingo ikimtoka, na kadiri alivyokaza ndivyo ilivyozidi kuruka, na hakuishusha mpaka alipohakikisha hata waliokuwa nyuma wameona. Kisha akasema, ilipanda, ndugu yangu, na wewe ulifanya nilivyokufundisha, na nimekufanya mwongo mbele ya watoto wako. Akamwomba msamaha kwa kumtaja kwa jina lake kamili, na Bwana Vitunguu, ambaye wengi tulidhani atamtukana, na alikuwa na haki ya kumtukana, alikuja akaishika ile kofia pamoja naye, mkono juu ya mkono, mpaka ikatulia. Jina lake lilirudishwa kwenye kibali siku hiyohiyo.

Uchunguzi wa hospitali, tarehe 2 Desemba 2010, ulithibitisha ugonjwa wa Parkinson, ambao hauna tiba ya kuumaliza, na marehemu akarudisha bunduki yake kwa mujibu wa sheria. Hapo bonde likabaki na wapigaji wanne wasio na jicho la kuwaongoza, na mkewe, akiwa na miaka hamsini na sita na miwani ya kusomea, akasema mkono wa kutunga sindano anao yeye, na jicho la kusubiri analo mumewe, basi kwa nini visikae mtaro mmoja. Aliomba leseni, akaenda mafunzo, akafanya mtihani wa kutambua ndege kwa vivuli vyao na kupiga visahani vya udongo vinavyorushwa, na mara ya kwanza alishindwa, kwa sababu msimamizi alikuwa na saa mkononi, na yeye alikuwa amefundishwa na Bwana Subiri, muda ukaisha angali anasubiri. Mara ya pili alifaulu. Msimu wa mwaka 2011 aliingia mtaro wa katikati, mumewe kando yake kwenye kigoda kifupi, mikono ameificha chini ya blanketi, na kabla ya kuanza Bwana Vitunguu alitangaza kwamba kuanzia sasa yeye hatazami kofia ya mtu, atapiga mama akishapiga, wengine wakakubali, na hiyo ndiyo ishara inayotumika hadi leo. Marehemu alinong'ona subiri, subiri, mkewe akasubiri mpaka akaona miguu ya ndege na anga tupu nyuma yao, na risasi yake ya kwanza haikujeruhi, ilimaliza. Misimu minane walifanya hivyo pamoja, na mjane anasema hawakuwahi kuwa karibu zaidi katika ndoa yao kuliko walivyokuwa mle matopeni, wakigombana kwa kunong'ona.

Mwaka huu marehemu hakuweza tena kutoka kitandani, sauti ikawa ndogo, chakula kikawa cha kulishwa, na binti yake akaomba uhamisho ili awe karibu. Wiki iliyopita mabata walifika. Aliwasikia yeye kwanza, kabla ya wenye masikio mazima, akamwita mkewe, akauliza wameshukia wapi, akaambiwa wako kwenye ngano, akauliza ni wengi, akaambiwa ni wengi mno, akafikiri kidogo, akasema anza na bendera. Hayo ndiyo yalikuwa maneno yake ya mwisho yaliyosikika vizuri, na familia haina mengine mazuri zaidi ya kuwaletea. Hali ilipozidi alipelekwa hospitalini, akafariki dunia huko siku ya Jumatano, tarehe 6 Novemba 2019, saa tano asubuhi, akiwa na umri wa miaka sabini na moja, mkono wake wa kulia ukiwa ndani ya mikono ya mkewe.

Familia inawashukuru madaktari na manesi wa wadi ya wanaume, hasa yule nesi wa zamu ya asubuhi aliyejifunza kumnywesha chai kwa kijiko bila kumwaga, inawashukuru majirani mliopika na kuosha vyombo vyetu na vyenu mpaka havijulikani tena, wenzake wa karakana waliolichonga na kulipiga randa jeneza hili, afisa wa wanyamapori, na kikundi cha wakulima, ambacho kwa siku tatu kimeacha mashamba yake na kukaa nasi. Shukrani ya pekee ni kwa Bwana Vitunguu, aliyeomba kuwa wa mbele upande wa kushoto katika kulibeba jeneza, upande uleule wa mtaro wake.

Kuna tangazo moja. Mabata hawakuambiwa kuna msiba, na mkitazama shambani mtaona wamekula mpaka karibu na uzio. Leo alfajiri, kabla ninyi hamjafika, mjane alisimamisha bendera kama alivyoagizwa, wakaruka, wakarudi. Kwa hiyo kesho mtakaposikia milio ya bunduki msishtuke wala msikimbilie hapa, atakuwa mtaroni na wenzake kwa kibali halali, na wale walionong'ona jikoni kwamba mjane hafai kushika bunduki siku ya pili ya maziko, wameshajibiwa na yeye mwenyewe, kwamba mumewe alimfundisha kusubiri lakini hakumfundisha kukaa bure.

Mtauliza kuhusu kofia. Mjane ameibadilisha bitana juzi, mara ya mwisho, na iko juu ya jeneza, hapo mbele yenu, na kila mmoja anaweza kuiona kutoka alipokaa. Imetulia. Bwana Subiri, wewe uliyetuambia tusubiri, umesubiri kuliko sisi sote, sasa mikono yako ipumzike, nawe upumzike nayo, kwa amani.